SAHIHI YA DEREVA
Maneno kwa madereva na matanboi wa mzigo uliofungwa

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa tawi siku ya Jumapili kwa niaba ya kamati. Wanachama wengi walikuwa safarini siku hiyo, nao wameomba yapigwe chapa ili wayasome wakifika.)



Twajua kwamba Jumapili ni siku ambayo dereva akiipata nyumbani, watoto hawataki kumwachilia mlangoni. Tena wengine wenu mmeegesha magari hapo nje yakiwa na sili zake, na saa nane lazima mwondoke. Kwa hivyo hatutasema maneno ya kupamba. Tumekuja kusema juu ya kitu kidogo ambacho kila mmoja wetu anacho mfukoni, nacho ni kalamu.

Sisi tunaosema hapa ni madereva kama ninyi. Tumepakia bandarini Mombasa, na katika maghala ya Nairobi, na Naivasha, na Kisumu. Tumeshusha Eldoret, Busia, Kampala, Kigali. Hatukuambiwa habari za kazi hii na mtu mwingine. Yale tutakayosema yametupata sisi wenyewe, au yamempata mwenzetu ambaye tulikula naye sahani moja pale Salgaa.

MZIGO AMBAO HUUONI

Ndugu zetu, kazi ya lori si ya namna moja. Anayebeba vyuma auona mzigo wake kwenye kioo. Anayebeba mafuta ana kijiti cha kupimia. Anayebeba mchanga atazama nyuma na kujua kama umemwagika. Lakini sisi tunaobeba mzigo mkavu ndani ya kontena au bodi ya sanduku, mzigo wetu hatuuoni. Sabuni, biskuti, maziwa ya unga, majani ya chai, vitabu vya shule, dawa: vyote vimefungwa nyuma ya milango miwili ya chuma, na juu ya komeo pana sili yenye nambari. Tunavuta kilomita mia tano na hatujui kama ndani mna katoni elfu moja au mna hewa.

Na bado, mzigo ukipungua, wa kwanza kuulizwa ni dereva.

Tuwape habari ya mwenzetu mmoja. Jina lake hatulitaji, wala la tajiri wake, kwa sababu dai lake halijamalizika. Alitumwa kupakia sabuni katika eneo la viwanda Nairobi ili azipeleke Kisumu. Alifika langoni saa moja ya asubuhi. Mlinzi akamwambia arudishe gari nyuma mpaka kwenye jukwaa la kupakia, aache funguo, kisha yeye na tanboi wake wakae nje ya lango, kwa maana amri ya ghala ni kwamba dereva hasimami ndani wakati wa kupakia. Wakakaa chini ya mti. Walikunywa chai ya mama mmoja wa kibanda mara mbili, wakala mandazi, wakalala usingizi wa kukaa. Walipoitwa ilikuwa saa kumi alasiri. Mlango umekwisha kufungwa, sili imekwisha kutiwa, na karani ananyoosha karatasi. Karatasi ilisema katoni 1,200. Karani akasema, "Tia sahihi hapa, na hapa, na hapa." Mwenzetu akatia mara tatu, akashika usukani kwa haraka, kwa maana simu ya ofisi ilikuwa ikilia kumwuliza kwa nini bado yuko Nairobi.

Alifika Kisumu. Sili nzima, nambari ile ile. Mlango ukafunguliwa, vibarua wakahesabu. Katoni 1,163. Zilipungua 37.

Mwisho wa mwezi mshahara wake ulikatwa. Mwezi wa pili ulikatwa. Mwezi wa tatu ulikatwa tena. Kijana wake wa kidato cha pili akarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Alipokwenda ofisini kuuliza, alionyeshwa karatasi. "Sahihi hii ni ya nani?" Akasema, "Ni yangu." Wakamwambia, "Basi."

Ndugu zetu, neno hili "basi" ndilo lililotuleta hapa leo.

SHERIA YASEMA NINI

Wazee wetu walisema kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Ni kweli mwenzetu alijidunga, kwa maana alikubali kwa mkono wake hesabu asiyoiona. Lakini si kweli kwamba habari yaishia hapo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaeleza ni makato gani tajiri anaruhusiwa kuyatoa katika mshahara. Juu ya mali iliyopotea au kuharibika, sheria yaruhusu kukata kiasi cha haki ikiwa hasara hiyo ilitokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Tazameni vizuri maneno haya: kosa la makusudi. Haisemi, "kila kitu kikipungua mkate dereva." Lazima pawe na kosa, na kosa hilo liwe la dereva, na liwe la makusudi. Tena kifungu hicho hicho chasema kwamba makato yote kwa jumla, hata yakiwa ya halali, hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara.

Tulipochukua karatasi za mwenzetu tuliziweka mbili mezani, ile ya Nairobi na ile ya Kisumu. Karatasi ya Nairobi ilikuwa na nambari ya sili. Karatasi ya Kisumu ilikuwa na nambari ya sili, imeandikwa kwa mkono wa karani wa kupokea, na chini yake amesema kwamba sili ilikuwa nzima. Nambari ni moja. Kisha katibu wetu alimwuliza msimamizi wa tajiri swali moja tu: "Kama sili haikuvunjwa, dereva aliingilia wapi?"

Msimamizi hakuwa na jibu. Makato ya mwezi wa tatu yalirudishwa. Ya miezi miwili ya kwanza bado twayadai, na dai liko mbele ya afisa wa kazi. Wala hatuwaambii kwamba tumeshinda, maana bado hatujashinda. Twawaambia kwamba mtu aliyeambiwa "basi" amepata kusikilizwa, na kilichomfanya asikilizwe ni nambari moja ya sili kwenye karatasi mbili.

Kama kuna mtu hapa aliyekatwa hivyo mwaka jana au mwaka juzi, asidhani kwamba wakati umepita. Dai la kazi lina muda wake wa miaka 3. Lete karatasi ulizo nazo. Kama huna karatasi, lete tarehe, lete nambari ya gari, lete jina la ghala.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Sasa twaja kwenye kalamu.

Kwanza, omba kuhesabu. Omba kwa adabu, lakini omba. Kuna maghala ambayo yakiombwa hukubali, na dereva husimama mlangoni akihesabu paleti moja moja zinapoingia. Ukihesabu, na hesabu ikapatana, tia sahihi bila woga.

Pili, ukikatazwa kuhesabu, usikatae mzigo na usigombane na mlinzi. Mlinzi ni mfanyakazi kama wewe, naye ameamriwa. Lakini kabla ya kutia sahihi, andika juu ya karatasi, kwa mkono wako, maneno machache haya: "Gari nimelipokea likiwa limekwisha kufungwa. Sili nambari fulani. Mzigo sikuhesabu mimi." Halafu tia sahihi chini ya maneno hayo, wala si juu yake. Maneno haya hayamtukani mtu. Ni kweli tupu. Sahihi yako yatakiwa ishuhudie kile ulichokiona, nawe uliona gari na sili tu.

Karani akisema hairuhusiwi kuandika kwenye karatasi yake, piga simu ofisini kwenu, kisha andika ujumbe wa simu kwa msimamizi: "Nimekatazwa kuhesabu, nimekatazwa kuandika, sili ni nambari fulani. Niondoke?" Ngoja jibu. Ujumbe wa simu una tarehe na saa, nao haukanushiki kirahisi. Akikujibu "Ondoka," basi ameondoka nawe. Piga na picha ya sili ikiwa mlangoni, nambari yake isomeke.

Tatu, ukifika mwisho wa safari, usimwache mtu avunje sili wewe ukiwa chooni au hotelini. Mwite karani wa kupokea, asome nambari kwa sauti, aiandike, na aandike kama ni nzima. Ndipo ivunjwe. Simama wakati wa kuhesabu hata kama umechoka. Katoni ikiwa imelowa au imepondeka, iandikwe kwamba imelowa au imepondeka, isihesabiwe kuwa imepotea. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na tumeona watu wakilipishwa katoni iliyokuwepo mbele ya macho yao.

Nne, itazame bodi kabla hujaipeleka kupakiwa. Hii ni kazi ya dakika mbili. Ingia ndani, tanboi akufungie milango, usimame gizani utazame juu na pembeni. Palipo na mwanga pana tundu, na palipo na tundu mvua ya Timboroa itapita. Kisha nusa. Wanaobeba majani ya chai kutoka Kericho kwenda kwenye mnada wa Mombasa wanajua habari hii: chai hunyonya unyevu na hunyonya harufu. Kama safari iliyopita ulibeba sabuni, na sakafu bado yanuka sabuni, chai hiyo itakataliwa. Ukiona tundu au ukinusa harufu, mwambie msimamizi kabla ya kupakia. Ukisema baada ya mzigo kuharibika, utaonekana kuwa unajitetea.

Tano, uliza habari ya uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka mwisho wa gari na mzigo wake kuwa tani 56 kwa gari la ekseli 7. Gari la ekseli 6, ambalo wengi wetu tunaliendesha, lina hesabu ya namna hii: ekseli ya mbele tani 8, ekseli mbili za kuvuta tani 18, ekseli tatu za trela tani 24. Jumla ni tani 50. Sasa wapakiaji wengine hujua jumla tu. Wakirundika paleti nzito zote upande wa nyuma, gari laweza kuwa na tani 48, ambazo ni halali kwa jumla, lakini trela peke yake imebeba 26. Ukifika Mariakani, au Mlolongo, au Gilgil, au Webuye, mizani hupima kila fungu la ekseli. Gari lazuiliwa, mzigo watakiwa upangwe upya, nawe huwezi kuupanga kwa sababu una sili ambayo huna ruhusa ya kuivunja. Utalala hapo siku mbili kwa kosa la mtu ambaye yuko kwake amelala. Kwa hivyo palipo na mizani karibu na ghala, omba gari lipimwe kabla ya safari, na karatasi ya mizani uiweke pamoja na zile nyingine.

SAA ZILIZOIBIWA

Tumesema juu ya katoni zilizopotea. Sasa tuseme juu ya kitu kingine kinachopotea, ambacho hakuna karani anayekihesabu. Ni saa.

Rudini kwa yule mwenzetu. Alikaa nje ya lango kutoka saa moja asubuhi mpaka saa kumi alasiri. Hizo ni saa 9. Hakulipwa hata senti kwa saa hizo, kwa kuwa mailiji hulipwa magurudumu yakizunguka. Hakupumzika pia, kwa kuwa kukaa chini ya mti huku ukingoja kuitwa si kulala. Na saa kumi alipotoka, tajiri alitaka zile saa 9 zirudishwe, na zirudishwe barabarani. Zatoka wapi? Zatoka katika usingizi wa dereva. Hakuna mahali pengine zinapoweza kutoka.

Sheria ya Trafiki, kwa marekebisho ya mwaka 2012, yasema kwamba dereva wa gari la abiria au la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Haya, tupige hesabu pamoja. Kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni kama kilomita 480. Gari letu haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, na ukitia vilima, na mizani, na foleni ya Mlolongo, ukipata wastani wa kilomita 50 kwa saa umeshukuru Mungu. Hizo ni karibu saa 10. Kutoka Nairobi mpaka Malaba ni zaidi ya kilomita 400, na huko kuna vilima vya Mau. Ukipata wastani wa 40, ni zaidi ya saa 10. Basi kila mmoja wa miguu hii miwili, kwa sheria, hauwezi kumalizwa na dereva mmoja katika siku moja. Lakini ni mara ngapi tumeambiwa kwa simu, "Kesho asubuhi nataka uwe Malaba"? Na ni nani kati yetu aliyejibu, "Bwana, sheria hairuhusu"?

Gari likienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde moja hupita mita 22. Macho yakifumba sekunde tatu, gari limekwenda mita 66 bila dereva. Mbele ya mita hizo 66 anaweza kuwa mtoto wa shule, au pikipiki, au kibanda cha mama anayeuza viazi. Mwaka 2017, usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba, basi na lori yaligongana Migaa, karibu na Salgaa, wakafa watu 36. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye njia panda ya Londiani, lori liliacha barabara likawaingia wachuuzi na abiria waliosimama kando, wakafa zaidi ya watu 50. Sisi tumepita hapo baadaye. Tuliona viatu. Hatutaki kusema zaidi ya hapo.

KOSA LETU WENYEWE

Chama ambacho husema makosa ya matajiri tu ni chama kisichoaminika. Kwa hivyo tuseme na letu.

Kuna wenzetu ambao wakifika kwenye mteremko, kama ule wa kutoka Mau Summit kushuka Sachangwan na Salgaa, hutia nyutro ili kuokoa dizeli. Dizeli iliyookolewa huuzwa kwa mitungi kando ya barabara. Twajua kwa nini hufanywa: mailiji haitoshi, na mtu ana karo. Lakini lazima kila kijana aliyeingia kazini juzi aelewe jambo linalotokea. Gari likiwa katika gia, injini yenyewe hulizuia. Likiwa katika nyutro, tani 50 zote zashikwa na breki peke yake. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na breki zikishika moto hazishiki gurudumu. Mwingine huzima injini kabisa. Huyo amezima na kompresa inayojaza upepo wa breki, na kila akikanyaga upepo hupungua mpaka kwisha. Hapo dereva hana gia, kwa maana gari likikimbia hivyo gia haiingii, na hana breki. Amebaki na usukani na honi.

Dizeli ya mtungi mmoja haifiki thamani hiyo. Tena fahamuni hivi: kila mtungi unaouzwa ndio hoja ya tajiri anapokataa kuongeza mailiji. Husema, "Hawa wanajilipa wenyewe." Tukitaka kudai mchana, tuache kuuza usiku. Mteremko ushukwe kwa gia ile ile ambayo ungepandia.

TANBOI NAYE NI MFANYAKAZI

Tumewaona matanboi wamekaa nyuma kule, kama kwamba mkutano huu ni wa madereva tu. Vijana wetu, sogeeni mbele. Nani hulala chini ya trela akilinda matairi? Nani hushuka kwenye mlima usiku kutazama kama wezi wameshika mlango? Wengi wenu hamna barua ya kazi. Mwalipwa na dereva kutoka mfukoni mwake, au mwalipwa kama vibarua kwa mwaka wa tatu sasa.

Sheria ile ile ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, kazi yake huhesabiwa kuwa ya mwezi. Mtu huyo ana haki ya siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na akifikisha miezi 12 ana likizo ya siku 21 za kazi. Na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka 2007 pia, humtaka mwajiri awawekee bima wafanyakazi wake. Lakini tanboi akivunjika mguu Webuye, na hakuna karatasi yoyote yenye jina lake, tajiri atasema hamjui. Kwa hivyo andikeni safari zenu katika daftari: tarehe, nambari ya gari, mlikotoka, mlikokwenda. Dereva naye, akituma ujumbe ofisini wa kuondoka, ataje jina la tanboi wake. Ni neno moja tu, nalo laweza kumsaidia mama mzazi siku ya msiba.

TULIPOSIMAMA PAMOJA

Kuna wanaosema, "Maneno haya ni mazuri, lakini mimi peke yangu nikiandika kwenye karatasi ya ghala, kesho gari atapewa mwingine." Wasema kweli. Mtu mmoja akiandika, yeye ni mkorofi. Wakiandika mia mbili, hiyo ndiyo desturi ya ghala.

Kumbukeni mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Dunia nzima iliambiwa ikae nyumbani, sisi tukaambiwa twende. Tulibeba chakula na dawa, na kila tulipofika watu walitukimbia kama kwamba sisi ndio ugonjwa. Hoteli zilitufungia milango. Foleni ya Malaba ilirudi nyuma makumi ya kilomita, na tulilala humo siku baada ya siku tukingoja kupimwa, tukipika chini ya trela. Halafu Januari 2022 tukatakiwa tulipe dola 30 kila mtu kwa kupimwa mpakani upande wa Uganda. Hapo madereva walizima injini. Hakuna aliyetupa jiwe. Gari zilisimama tu. Haukupita muda mrefu petroli ikawa adimu Kampala na bei yake ikapanda, na watu ambao hawakupata kutuuliza habari zetu wakaanza kutuuliza. Ada ile madereva wakaondolewa.

Kumbukeni pia habari ya reli. Gari moshi jipya lilianza kubeba mizigo Januari 2018, na mwaka 2019 ikatoka amri kwamba makontena ya bara yote yapande reli. Mariakani na Mtito Andei hoteli zilibaki na viti vitupu. Watu wa Mombasa waliandamana, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo amri ikasimamishwa. Hatusemi kwamba reli ni mbaya. Nayo ina wafanyakazi wake, na ni ndugu zetu. Twasema kwamba mkate wa dereva unaweza kuondolewa kwa karatasi moja, na ukarudishwa kwa sauti za watu wengi.

Basi kamati yaleta mbele yenu mambo manne, nanyi myakubali au myakatae kwa kuinua mikono.

La kwanza, kila mwanachama anayenyimwa kuhesabu aandike yale maneno matatu juu ya karatasi. Tuanze sote siku moja, tarehe moja ya mwezi ujao, ili asionekane mtu mmoja.

La pili, chama kidai malipo ya kungoja. Gari likikaa ghalani au mpakani zaidi ya saa 3, saa zinazofuata zilipwe. Tajiri akicheleweshwa humtoza mwenye mzigo; nasi tupate fungu letu.

La tatu, safari zipangwe kwa saa 8, na anayekataa kuendesha akiwa amechoka asiadhibiwe. Akiadhibiwa, dai lake liwe dai la tawi zima.

La nne, daftari la matanboi lifunguliwe hapa tawini leo, kabla hatujatoka.

Ndugu zetu, kidole kimoja hakivunji chawa. Hatuwaombi mgome leo, wala hatuwaombi mumtukane mtu. Twawaomba mtu asimame dakika moja mbele ya karani, afungue kalamu, na aandike alichokiona tu. Yule mwenzetu wa katoni 37 yumo humu ndani. Amekuja na gari, na saa nane aondoka kwenda Bungoma. Asubuhi ya leo alituonyesha karatasi yake ya safari hii. Juu ya sahihi yake ameandika, kwa herufi kubwa, kwamba mzigo hakuuhesabu yeye. Karani alinung'unika, akagonga muhuri.

Safari njema, na Mungu awafikishe.